Kesho Usitoke kwa Mlango

Riziki mwanangu,

Barua hii nimeiweka juu ya mto wako ili usiweze kulala bila kuiona. Naomba uisome yote kabla ya asubuhi. Nakujua, unapenda kusoma mwanzo wa kitu na kukisia mwisho, hata Biblia unaisoma hivyo. Hii usiikisie.

Mambo ya safari yako ya kwenda kuishi Manono na mume wako sitayagusa. Mama yako ameshakuambia habari ya dawa ya malaria, habari ya kukaa upande wa kivuli ndani ya lori, na habari ya kutoweka magunia ya ndakala, dagaa wetu wakavu, karibu na mbuzi wa watu. Amesema mara tatu, na kesho atasema mara ya nne ukiwa umeshapanda. Mimi nina jambo moja tu, na nimeshindwa kulisema kwa mdomo. Wiki nzima nimejaribu. Nikikuona naanza kuongea habari ya matairi ya lori.

Jumatatu ulinipa mfuko wako nikushonee mkanda. Ndani nikakuta kufuli mpya ya shaba, bado iko na karatasi ya dukani. Nikakuuliza ni ya nini. Ulikuwa unamsuka jirani nywele, hukuinua hata macho. Ukanijibu, "Njo ya chumba ya Manono, Papa. Asubui nitakuwa natoka kwenda ku soko, Amani anabakia analala. Namufungia tu dakika kidogo. Unajua mambo ya wezi."

Dakika kidogo. Nilirudisha kufuli mahali pake, nikaenda kusimama nyuma ya choo.

Siku hiyohiyo, wakati wa chakula, mwanao, huyo Amani mdogo, alishika sanduku la kiberiti, ukamnyang'anya ukamwambia, "Acha hiyo. Unataka kufa sawa mujomba yako Amani?" Mama yako alitazama sahani yake. Mimi nilimeza tonge la bukari bila mboga. Miaka yote hii maneno hayo yamesemwa ndani ya nyumba hii, na mimi ndiye niliyeyaanzisha, na nilikaa pale nikiyasikia yakiingia kwenye masikio ya mjukuu wangu.

Riziki, kaka yako hakucheza na kiberiti. Hakukuwa na kiberiti. Ule moto niliuwasha mimi, na mlango niliufunga mimi.

Sasa umelisoma. Kaa kitandani kama umesimama, uniache nieleze.

Wewe ulikuwa na miaka mitatu, yeye sita. Miaka ile kazi yangu ya kuchomelea vyuma ilikuwa inaanza kujulikana hapa Kalemie. Watu walikuwa wamechoka na wezi, kila mwenye nyumba alitaka antivole, vyuma vya dirishani, na waliambiana waje kwangu. Nilikuwa na majivuno. Nilikuwa nasema, "Mwizi akikata chuma yangu, mimi mwenyewe nitamulipa jasho yake." Hakuna aliyekuja kudai. Nyumba yetu nikaiwekea vyuma vinene kuliko vya mteja yeyote, nikavipitisha msalaba, miguu nikaizika ndani ya sementi. Na mlango wa chuma tupu. Majirani walikuja kutazama, wakavitikisa kwa mikono miwili, wakacheka. Mama yako peke yake hakucheka. Akaniuliza, "Na siye wenyewe tutatokea wapi?"

Nikamjibu, "Kwa mulango, Mama Amani. Nyumba njo iko na mulango."

Kufungia watoto kwa nje hatukukubuni sisi. Mtaa mzima ulikuwa unafanya. Mwanamke anakwenda ufukoni kungojea mitumbwi irudi na samaki, mume anakwenda kazini, watoto wamelala, kufuli inawekwa kwa nje na ufunguo unafungwa kwenye pindo la kitenge. Mama aliyeacha mlango wazi ndiye aliyesemwa vibaya. Kwa hiyo usifikiri kwamba nakuona wewe mama mbaya kwa sababu ya kufuli ile. Umeinunua kwa upendo. Mimi pia nilifunga kwa upendo, na ndiyo maana naogopa kiasi hiki.

Asubuhi hiyo mama yako alikuwa ameshakwenda ufukoni. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na maji yalikuwa yameingia sakafuni sebuleni. Mimi niliteleka maharage kwenye resho, lile jiko la umeme la pete moja, lililokuwa juu ya kigoda karibu na pazia la chumba chenu. Umeme ukakatika. Unajua jinsi tunavyofanya hapa kwetu umeme ukikatika. Hatuzimi. Tunaacha kifungo palepale, ili ukirudi sufuria iendelee yenyewe. Na resho ikishapoa tunaihesabu kama meza, mtu anaweka juu yake chochote alicho nacho mkononi. Wewe mwenyewe juzi uliweka juu yake taulo la mtoto. Nililiondoa, hukuniona.

Nilihamisha maharage kwenye mbabula ya makaa, nje, chini ya bati la jikoni. Kikapu cha nguo zenu kilikuwa sakafuni, kinaanza kulowa. Nikakiinua nikakiweka juu ya resho baridi. Naikumbuka mikono yangu ikifanya hivyo. Ilikuwa kazi nzuri, nilikuwa naokoa nguo zisilowe.

Halafu mteja akatuma mtu kuniita, geti lake lilikuwa bado halijaisha. Wewe ulikuwa umelala. Amani alikuwa macho, akaniambia, "Papa, usifunge, nitachunga Riziki." Nikamwambia ni dakika kidogo. Nikafunga kufuli. Nikapita atelie, karakana yangu, nikavua suruali, nikavaa nguo za kazi, suruali nikaitundika kwenye msumari na ufunguo mfukoni. Nikaenda kwa mteja, mitaa miwili mbele.

Umeme ulirudi nikiwa pale. Watoto wa mtaa wote wakapiga kelele ya furaha kama wanavyofanya mpaka leo, "Imerudiii", na mimi, Riziki, nilifurahi pamoja nao. Nilisema asante Mungu, nikawasha mashine. Nilichoma pembe mbili za geti, taratibu, kwa ustadi, huku nikipiga mluzi. Jambo hilo sijawahi kumwambia mtu. Kila umeme ukirudi na watoto wakashangilia, wewe unaona naondoka nakwenda uani. Ulizoea kusema Papa hapendi kelele.

Mama jirani ndiye aliyekuja kuniita, miguu mitupu, kitenge mkononi. Alisema, "Papa Amani, nyumba yako inaungua, na mulango iko na kadena." Kadena, ile kufuli yangu. Nilikimbia nikiwa na nguo za kazi. Mlangoni ndipo nikakumbuka suruali. Mtu mmoja akakimbilia atelie kuleta ufunguo, lakini atelie nayo nilikuwa nimeifunga, na ufunguo wake nilikuwa nao mimi, shingoni, ndani ya nguo za kazi. Nilikuja kuuona jioni nilipovua. Mfa maji haishi kutapatapa, wanasema. Mimi nilitapatapa huku kamba imo mkononi mwangu.

Majirani walikuwa wameshaanza kurusha maji kwa dirisha la mbele. Mmoja alipomwaga ndoo umeme ukamrusha chini, ndipo wakakata waya kwenye nguzo. Walifanya vizuri. Walichelewa, lakini walifanya vizuri, na wewe ukumbuke hilo: maji hayamwagwi kwenye moto wa umeme kabla umeme haujakatwa. Ila umeme ulipokatwa, mashine yangu ya kukatia chuma ikawa kipande cha chuma kama kingine. Fundi wa vyuma nimesimama mbele ya vyuma vyangu na mikono mitupu. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku ile nilimwomba Mungu nyumba yangu iwe na ufa, hata mmoja, na haikuwa nao.

Nikazunguka nyuma, kwa dirisha la chumba chenu. Ndani kulikuwa na giza la moshi. Nikasikia Amani akikohoa, sauti ikitoka chini. Alikuwa sakafuni. Nisikilize hapa, mwanangu, hapa ndipo ninapoogopa. Alikuwa sakafuni, mahali pazuri, peke yake alikuwa ameona kwamba kule chini kunapumulika. Na mimi nikamwita. Nikamwambia, "Amani, panda ku kitanda, kuya ku dirisha, shika mukono ya Papa."

Alikuwa mtoto msikivu. Akapanda. Akatoa mkono kati ya vyuma, nikaushika. Akaniambia, "Papa, fungua." Nikamwambia nafungua. Nikavuta vile vyuma kwa mkono mmoja, kwa sababu mwingine sikutaka kuuachia. Akasema tena, "Riziki iko chini ya kitanda." Aliyasikia Papa Ngoy, mvuvi aliyekuwa akikaa nyuma yetu, akaleta mtaimbo akaanza kuchimba ukuta chini ya dirisha. Ukuta wa matofali ya udongo, bahati yetu ilikuwa umaskini wetu. Vyuma vyangu havikutikisika, lakini ukuta ulikubali.

Mkono wa Amani ulilegea wakati bado nimeushika. Nilidhani amechoka. Nikawa namwambia, simama, simama mwanangu, usilale.

Tundu lilipofunguka Papa Ngoy aliingiza mkono akakamata mguu wako. Lile kovu la kisigino chako, ambalo umekuwa ukiwaonyesha watu kwamba ni la moto, si la moto. Ni la mtaimbo. Moto haukukugusa. Ulikuwa umelala kifudifudi chini ya kitanda, pua yako ukutani, hai. Bahati kubwa, maana watoto wengi hujificha chini ya vitanda wakati wa moto na hawaonekani. Wewe ulionekana kwa sababu kaka yako alisema ulipo. Yeye tulimtoa baada yako. Naye moto haukumgusa. Shati lake halikuungua hata kifungo. Ulikuwa ni moshi tu.

Baadaye, mwaka ulipopita, nilimwuliza muuguzi mmoja, nikijifanya naulizia nyumba ya mtu mwingine. Akaniambia moshi hupanda, hujaza juu kwanza, na hewa inayobaki iko chini karibu na sakafu. Akasema watu wengi moshi huwaua kabla ya moto. "Angelala chini," akasema, "pengine angeishi." Nikamshukuru, nikatoka, sikumbuki nilifikaje nyumbani.

Sasa ile aibu nyingine. Kesho yake mkuu wa mtaa alikuja kuandika. Akauliza moto umeanzia wapi. Mama yako alikuwa amelala chini, hawezi kuinuka. Wanaume wote walinitazama. Nikafungua mdomo kusema resho, na likatoka neno kiberiti. "Mutoto alicheza na kiberiti." Hakuna aliyelipinga. Mchungaji akalisema tena kwenye mazishi, akiwaonya wazazi waliokuwepo. Kabla ya mwezi kuisha, kila mama mtaani alikuwa akimtisha mwanawe kwa jina la Amani. Mtoto wangu aliyekufa kwa kunitii akawa mfano wa mtoto mtundu. Nami nilisalimiwa kwa heshima, pole Papa, pole sana Papa.

Majuto ni mjukuu, watu husema hivyo, na mimi nimepewa mjukuu wa kweli. Ulipomwita mwanao Amani nilikuuliza kama umefikiri vizuri, ukanuna siku mbili. Ulidhani nimemsahau kaka yako. Sikuwa nimemsahau. Nilikuwa sijui nitaliitaje jina hilo kila siku bila kuungama.

Leo mchana nilimwambia mama yako yote. Nilimkuta anachagua maharage. Nikamweleza habari ya kikapu, ya kifungo, ya mkono. Aliendelea kuchagua. Halafu akasema, "Nilijua ya resho. Nilifagia majivu mimi mwenyewe. Nilikuta kifungo bado iko ku mbili." Nikamwuliza kwa nini alinyamaza. Akasema, "Nilikuwa nakungojea wewe." Miaka yote hiyo. Ya mkono hakuyajua. Kwa hilo aliweka sinia chini, akaingia ndani akafunga mlango, na mpaka naandika hapa atelie hajaniambia neno lingine. Hasira yake ni haki yangu. Wewe usimwulize asubuhi. Mwache akusemeshe habari ya mbuzi.

Umekua ukiona mambo yangu ukidhani ni uzee. Kwa nini antivole zangu sasa zina bawaba, upande mmoja unafunguka kama mlango, na pini inayochomolewa kwa ndani. Wateja walinicheka. Mmoja aliniambia, "Antivole inafunguka? Hiyo njo kukaribisha mwizi na chai." Wengi walikwenda kwa mafundi wengine. Nilirudi kwenye nyumba nilizozifunga zamani, nikawaomba watu waniruhusu nikate bure, niweke bawaba. Wengine walinifukuza. Mzee mmoja alinipa maji ya kunywa akaniuliza kwa upole kama naumwa. Sijamaliza nyumba zote. Ninapopita mtaani naziona zile zilizobaki, na ninawajua watoto wanaolala ndani yake kwa majina.

Kwa hiyo, Riziki, nakuomba. Sikuagizi kama baba, nakuomba kama mtu aliyepiga magoti.

Usimfungie. Ukienda soko mbebe. Akilia soko zima, alie, watu watazoea. Akikataa kubebwa mwache kwa mke wa mwenye nyumba na umpe ndakala za mchuzi kila siku, hata ukikosa faida. Mume wako anarudi kutoka kazini Piana-Mwanga Jumamosi tu, siku nyingine zote ni wewe na mtoto na mlango mmoja. Wezi wakija wachukue sufuria. Wachukue magunia. Mtu akiiba ndakala zako zote nitakutumia nyingine, ziwa bado lipo.

Ufunguo wa usiku utundike karibu na mlango, msumari uleule kila siku, mahali mkono wako utaufikia bila taa. Umeme ukikatika zungusha kifungo kwanza, kisha ndipo ukasirike. Resho ikipoa iache tupu. Ukiwasha mshumaa, uweke ndani ya kopo lenye mchanga, chini, mbali na chandarua, na uuzime kabla usingizi haujakuzima wewe. Mbabula isilale ndani hata baridi iweje, makaa yanaua bila mwali. Mume wako asikuletee esansi, petroli ya pikipiki, chumbani kwa sababu ya wezi, ile ni moto unaosubiri. Na mafuta ya kukaanga yakishika moto, usiyapige maji wala usibebe sufuria mbio. Funika na mfuniko, zima, ondoka. Wanasema dawa ya moto ni moto. Aliyesema hakuwahi kuunguliwa nyumba. Dawa ya moto ni mahali pa kutokea.

Na ikitokea, Mungu apishe mbali, usiokote kitu. Si simu, si pesa, si vyeti vyako vya shule. Mshike mtoto, lala chini, tambaa, toka, funga mlango nyuma yako ili moto usikufuate haraka, na ukishatoka usirudi. Mfundishe Amani sauti yako ya kumwita, ili asijifiche. Mfundishe kwa mchezo, siku za jua, mkiwa mnacheka.

Kufuli yako nimeichukua. Usiitafute. Nimeikata vipande viwili kwa mashine, fundi mzima nimelia juu ya kufuli, mtu aliyekuwa akipita akafikiri ni cheche zimeniingia machoni. Mahali pake ndani ya mfuko utakuta komeo. Ni la kufunga kwa ndani, nimelifanya jepesi, kidole kimoja kinatosha kulifungua. Na gunia lile zito kuliko mengine si ndakala. Nilimpigia mume wako simu, akanipimia dirisha la chumba chenu cha Manono. Ni antivole yenye bawaba. Mwizi hataipita. Wewe utaipita. Mwambie aifunge kabla hamjalala ndani usiku wa kwanza, na asiponisikiliza niite, nitakuja kwa miguu.

Limebaki moja, na ndilo hasa lililonifanya niandike.

Nyumba yetu tuliijenga upya juu ya msingi uleule. Dirisha la chumba unacholala sasa liko palepale, na vyuma vyake ni vilevile. Jumatatu, baada ya kuona kufuli, nililikata na kuliwekea bawaba. Uliniuliza, "Papa, unafanya nini ku dirisha yangu?" nikasema natoa kutu. Nilidanganya kwa mara ya mwisho. Fundi aliyefunga mtaa mzima bawaba alikuwa ameliacha dirisha hilo moja. Sikuweza kuligusa. Miaka yote umelala nyuma yake.

Kesho usitoke kwa mlango. Mlango utafungwa, na lori litangoja, nimeshaongea na dereva, ameniona mwenda wazimu lakini amekubali. Mwamshe Amani, mwambie ni mchezo wa babu. Laleni sakafuni, mfumbe macho, mtambae mpaka mkono wako uguse ukuta ulio chini ya dirisha. Hapo tu ndipo uinuke. Chomoa pini, sukuma kwa nguvu, ni mpya na bado ngumu kidogo.

Mimi nitakuwa nje, nimesimama mahali nilipokuwa nimesimama. Sitakuambia upande kitandani. Sitakushika mkono kupitia chuma. Nipe Amani kwanza, halafu uje wewe.

Papa yako